Usimlipe Mama Yako

Mwanangu Salehe,

Salamu tumeshapeana leo asubuhi, na kesho utanipa shikamoo nyingine ukiwa na sanduku mkononi, kwa hiyo hizo nazipita. Naandika hapa barazani baada ya alasiri, wewe ukiwa umetoka kuwaaga rafiki zako, na nikimaliza nitaiweka barua juu ya mto wako. Isome leo hii hii. Ukiisomea Dar es Salaam itakuwa umechelewa, na utaniudhi.

Najua utauliza kwa nini baba mwenye mdomo kama wangu amwandikie barua mtu anayelala chumba cha pili. Ni kwa sababu mdomoni nina mzaha mwingi mno. Nikianza kukwambia jambo la maana naishia kukutania, na nisipokutania nitalia, na sitaki kukuongezea mzigo wa machozi yangu katika safari yako. Sitakufundisha namna ya kufunga sanduku wala kuchunga mifuko yako Kariakoo. Majirani wamekufundisha hayo mpaka umechoka. Nataka kusema juu ya jana tu.

Jana ulipokwenda kumuaga Mama Mwanaidi nilikuwa nyuma yako, nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Ukasimama katikati ya watu, ukasema kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Mama, wewe ndiye uliyeninyonyesha. Mshahara wangu wa kwanza wote nitakuletea, nikulipe maziwa yako." Watu wakakusifu, mmoja akapiga kigelegele. Mwanaidi akasema, "Ahsante, mwanangu," kisha akainuka akaenda jikoni kutazama chungu. Salehe, jikoni hakukuwa na chungu. Moto wenyewe ulikuwa haujawashwa.

Wewe hukuona. Sikulaumu, maana mimi nilipomfanyia hivyo hivyo nilikuwa mtu mzima, nina ndevu, na sikuona.

Unajua kwamba mjini naitwa Bwana Velyu, na ulipokuwa mdogo ulipigana na wenzako kwa kuitwa mtoto wa Velyu. Ulichokisikia ni vicheko tu. Nilipokuwa kijana nilikuwa mpima mbata katika ghala la mfanyabiashara mmoja, na meneja wake Mzungu hakuwa na neno jingine. Mkulima akileta gunia la mbata, Meneja huvunja kipande, hunusa, huuliza, "Velyu yake nini?" Mbata yenye ukungu haina velyu. Akipata kiti kizuri kwa bei ndogo, husema amepata velyu. Mkewe alipomwandikia kutoka Ulaya kwamba hatakuja tena, alishinda ofisini mlango umefungwa, na alipotoka aliniambia kwamba miaka yake yote aliyokaa huku haikuwa na velyu. Na siku alipoondoka moja kwa moja alinishika mkono akasema mimi ni mtu wa velyu kubwa kwake, akanipa saa ya ukutani iliyosimama. Ndiyo ile iliyoko chumbani. Haijawahi kwenda.

Mimi neno lile nililipenda kama kijana anavyopenda viatu vipya, nikawa natembea nalo kila mahali. Nikiletewa kuku, natamka velyu yake kabla hajachinjwa. Nikialikwa harusini, naikadiria zawadi ya kila mtu. Mama yako Zuhura alikuwa akinicheka. Siku moja akaniuliza, "Na mimi velyu yangu kiasi gani?" Nikamwambia, "Wewe ni mbata kavu ya daraja la kwanza." Akanirushia mwiko, ukanipata sikioni. Natamani leo hii nirushiwe mwiko ule, Salehe. Ningekaa palepale nisikwepe.

Wiki iliyopita ulinisomea neno hilo katika kamusi yako ya Kiingereza. Ulinisomea kwamba ni bei, kwamba ni thamani, kwamba ni faida, kwamba ni heshima mtu anayoiweka juu ya kitu, na ukasema ndiyo itakayokuwa kazi yako kule forodhani, kukadiria velyu ya kila kinachoshuka melini ili kitozwe ushuru wake. Ukacheka ukasema, "Baba, nakwenda kuwa wewe." Nami nikacheka. Lakini nilishtuka moyoni, na jana ndipo nilipojua nilishtukia nini.

Ulipozaliwa, mama yako alikaa nawe siku chache tu, homa ikamchukua. Hilo unalijua. Usilolijua ni vile nilivyokuwa. Nilikuwa nimekaa matangani kama gogo, wewe unalia mapajani mwa bibi mmoja, na watu wanasoma hitima. Mwanaidi alikuwa jirani yetu ukuta kwa ukuta, Mkwere wa Fukayosi aliyeolewa hapa na fundi chokaa, na binti yake Mwanahawa alikuwa bado wa kubebwa. Hakuitwa na mtu. Aliingia, akakuchukua, akaketi mkekani, akakupa ziwa la kushoto na Mwanahawa la kulia, akatuambia, "Huyu ana njaa. Nyinyi mnalia tu." Ukanyamaza. Mpaka leo sijasikia kimya kizuri kama kile.

Miaka miwili ulikuwa wa kwake kuliko wangu. Nilikupitisha kwake nikienda ghalani na kukuchukua nikirudi, na mara nyingi ulikataa kuja. Aliniita shemeji, kwa kuwa yeye na mama yako walikuwa wakiitana dada. Alinigombeza kama shemeji, alinipa wali wa ukoko kama shemeji.

Basi ulipoachishwa ziwa, Bwana Velyu akakaa akafikiri. Nikamuuliza maalim, naye akaniambia kwamba ujira wa mnyonyeshaji ni halali, umo katika Kitabu. Nikafurahi sana, maana sheria ilikuwa upande wangu. Nikanunua kanga nzuri doti mbili, nikapima mchele kwa pishi mwenyewe, nikahakikisha kila pishi imejaa mpaka inamwagika, nikampelekea mbele ya watu ili isije ikasemwa kwamba Athumani amenyonyeshewa mwana bure. Nikasema, na maneno yenyewe bado yananichoma, "Mwanaidi, hii ndiyo thamani ya kazi yako. Nimekadiria kwa haki. Sasa hatudaiani."

Akazitazama zile kanga, akazikunja upya. "Umelipa vizuri, Bwana Athumani," akasema.

Bwana Athumani! Mtu aliyeniita shemeji asubuhi ile ile. Na mimi nikarudi nyumbani nimefurahi, nikalala kama mtu aliyeshusha gunia.

Sasa nikwambie kitu ambacho sikukijua wakati ule. Haikuwa haki wala uungwana ulionipeleka kule na pishi zangu. Kila nilipomwona Mwanaidi amekupakata, nilimwona Zuhura hayupo. Nilitaka kufunga ile miaka miwili kama tunavyofunga mlango wa ghala, nisiwe na deni nayo. Nilidhani nikilipa kila kitu na huzuni itakwisha.

Mwanaidi hakununa wala hakusema nawe vibaya. Aliacha kuja, basi. Wewe ulikuwa unasimama ukutani unaita "mama, mama", na upande wa pili kimya. Msimu wa kulima ulipofika akaenda kwao Fukayosi na Mwanahawa wake, asiage. Ukaacha kula. Ulikuwa unakitazama kijiko kama ninakupa dawa. Mwisho nikaomba ruhusa ghalani, nikakubeba mgongoni, tukaenda Fukayosi, njia nyingine kwa miguu na nyingine juu ya baiskeli ya mchuuzi mmoja wa samaki wakavu, ndiyo maana tulifika tunanuka.

Tulimkuta shambani na jembe. Ulipomwona ulijitupa kutoka mgongoni mwangu. Alikuokota, akakupangusa pua kwa kanga yake, akakupeleka kwenye banda akakupa uji, ukanywa wote. Moyo wangu ukatulia, nikajua mambo yamekwisha. Kisha akakuinua akakurudisha mikononi mwangu.

"Huyu ni mwana wa Athumani," akasema. "Mimi nilikuwa kibarua wake, na kibarua nimeshalipwa."

Nikamwambia, "Mwanaidi, mbona mimi sikufanya dhambi? Kitabu kimeruhusu."

"Kitabu kimeruhusu na talaka," akanijibu. "Mwanamume anayempenda mkewe humpa?"

Akarudi kwenye jembe lake. Ulilia mpaka tulipofika nyumbani.

Ungedhani nimeelewa. La! Akili yangu ilikuwa bado ya ghalani. Nikafikiri kwamba nilikadiria chini, kwamba mama wa watu ameona pishi zangu kidogo. Aliporudi mjini baada ya mavuno nikampelekea mbuzi jike, mzuri, mwenye mimba. Alitoka mlangoni, akamtazama mbuzi, akanitazama mimi. "Unaongeza bei?" akauliza, akafunga mlango. Na yule mbuzi, wakati mimi nimesimama pale nimepigwa na butwaa, alikuwa anautafuna mkeka wake uliokuwa barazani. Nikatia mkono mfukoni nimlipe mkeka. Mungu ndiye aliyenizuia.

Kilichotuponya sikukipanga mimi, usinipe sifa. Ilikuwa wakati wa vita vya Wazungu, viberiti vimeadimika, na mvua ya masika ilikuwa imeingia jikoni kwangu ikazima kila kitu. Wewe unatetemeka, unataka uji. Sikuwa na mlango mwingine wa karibu. Nikachukua kifuu, nikaenda kwa Mwanaidi nimeinama kama mwizi, nikasema, "Naomba kaa la moto." Jirani hanyimi moto, hata kama amekasirika. Akanitilia makaa mawili katika kifuu, na nilipogeuka akasema nyuma yangu, "Funika na mkono, mjinga wewe, mvua itayazima."

Mjinga wewe. Salehe, nilisimama kwenye mvua ile nikitabasamu. Tangu siku ya pishi hakuwa amenitukana.

Kesho yake nikaenda kuomba chumvi. Siku nyingine nikaomba aniazime ungo, nikakaa nao mpaka akaja kuufuata mwenyewe akigomba. Nikaomba anionyeshe namna ya kupika mchicha usiwe mchungu, ingawa mama yako alikuwa amenionyesha. Nikawa kila siku chache nina shida. Na kaa la moto nikaendelea kuliomba, hata viberiti viliporudi madukani.

Halafu siku moja aliingia kwangu ghafla kukutazama, kwa kuwa alikusikia unakohoa, akaviona viberiti dirishani. Akavichukua akavitikisa. Vilikuwa vimejaa.

"Hivi ni nini, Athumani?"

"Viberiti."

"Na kaa uliloniomba asubuhi ni la nini?"

Nilisimama pale nimeshika ufagio. Alianza kucheka kidogo kidogo, kisha akacheka mpaka akaketi chini, machozi yanamtoka. Akakuvuta akakupakata, akakwambia, "Mwanangu, baba yako mwongo mkubwa." Wewe ukalala palepale mapajani mwake. Mimi nilitoka nje nikajifanya nafagia uwanja, nilie kwa nafasi.

Tangu siku ile mpaka leo nimeufikiria mkasa huo mara nyingi kuliko nilivyofikiria kitu kingine chochote. Unajua desturi yetu, sahani ya jirani hairudi tupu. Lakini hairudi na kile kile pia, wala hairudi siku ile ile. Akikuletea samaki changu wawili leo, sahani inakaa kwako, na siku moja unairudisha na maandazi, pengine yamezidi, pengine yamepungua. Hayalingani kamwe. Kwa hiyo kila siku mmoja ana deni kwa mwenzake, na kila siku kuna sababu ya kubisha hodi. Anayerudisha sawasawa, kipimo kwa kipimo, amesema hataki kubisha hodi tena. Mimi ndivyo nilivyomwambia Mwanaidi kwa pishi zangu zilizojaa, na jana ndivyo ulivyomwambia wewe kwa mshahara wako.

Najua hukukusudia. Ulikuwa na furaha na ulitaka watu wajue kwamba una shukrani. Lakini labda kuna kitu kingine pia, na kama kipo usione haya. Mtu anayeondoka kwao hupenda kuondoka mwepesi, asiache deni kwa mtu, asikumbuke njiani kwamba kuna anayemngoja. Naielewa hamu hiyo kuliko unavyodhani. Usiifuate, mwanangu. Ondoka mzito.

Kesho ukishaswali, kabla ya basi, nenda kwa Mama Mwanaidi. Usimwombe radhi kwa maneno marefu, atakwambia hakuna lililotokea, na utakuwa umemwongezea kazi ya kuficha. Mwombe kitu. Mwombe akupe kanga yake moja ya zamani ya kujifunika kwenye baridi ya asubuhi, ile iliyopauka, usikubali mpya. Mwambie hujui utalala vipi Dar bila ya kuwa na kitu cha nyumbani. Atakutukana. Atasema kijana wa forodhani mzima analala na kanga ya kike, watu watamcheka. Ukisikia matusi hayo ujue umesamehewa. Na usiseme utairudisha lini.

Na nisikie vizuri, sikusema usimtumie kitu. Usipomtumia nitakuja Dar kwa miguu kukuchapa. Tuma sukari, tuma nguo, tuma mafuta ya mgongo wake unaomuuma, ila tuma kama mtoto anavyotuma, bila kusema ni ya nini. Hakuna mtoto anayeandika juu ya mfuko wa sukari kwamba haya ni malipo. Kule kazini kadiria velyu ya kila kinachoshuka melini, na ukadirie kwa haki, maana ni kazi halali na nakutakia heri nayo. Ukitoka, liache neno hilo pale pale mezani.

Jua linaanza kuegemea ukuta wa msikiti na naogopa utarudi unikute na karatasi. Nimebakiza jambo moja, nalo nimelizungukia tangu mwanzo wa barua kama kuku anavyozungukia mahali pa kutaga.

Nami usinilipe.

Nimekuwa nikikusikia ukiwaambia wenzako kwamba baba amehangaika peke yake, kwamba utanijengea nyumba ya bati, kwamba utaniachisha kazi nikae nipumzike. Wanasema una moyo mzuri, na ni kweli unao. Lakini nikiyasikia maneno hayo najiona kama mtu anayeandaliwa hesabu yake ya mwisho. Nyumba hii tangu kesho itakuwa na mtu mmoja. Nitataka kupika kidogo na nitapika kingi, kwa kuwa mkono umezoea wawili. Nitasikia mlango ukilia kwa upepo nitasema "Salehe?" kama mwehu. Sisemi haya ili ubaki, nenda, nimekuombea safari hii tangu ulipoanza kusoma. Nasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu jana nilimwona mama yako akienda jikoni pasipo chungu, nikajua mimi nitakwenda wapi siku utakayonijia na malipo yangu.

Kwa hiyo ukifika na ukapata karatasi, niandikie, na barua yako ya kwanza usiianze kwa "Baba, nimekutumia". Ianze kwa "Baba, naomba". Omba uzi wa kushonea, omba muhogo wa kuchemsha, omba nikuulizie habari za mtu ambaye wala hakushughulishi. Hata kama unacho, hata kama kinauzwa mlangoni pako kwa bei ndogo kuliko huku, niombe, Salehe, ili siku hiyo nikiamka niwe na kitu cha kwenda kutafuta.

Ni mimi baba yako,
Athumani
Bagamoyo